Usitwange Siku za Kufungiwa

Kindu, Mikelenge
14 Oktoba 2002

Yaya Pélagie, dada yangu,

Salamu za huku hazina sukari. Barua hii nimempa Okito, anajaribu kupita na baiskeli yake njia za msituni mpaka huko kwenu Tunda. Kama imekufikia, ujue Mungu njo alikuwa anasukuma nyuma.

Mudogo wako nimezaa. Mutoto mwanamuke, nimemwita Joëlle. Nimezaa peke yangu, Yaya, na hasira ilinisaidia kusukuma kuliko nguvu. Louis iko Pangi, anachimba mawe. Alisema, "Ninarudi tumbo halijashuka." Sasa muji umefungwa. Wenye bunduki wa msituni hawaachi muntu kuingia, wenye bunduki wa muji hawaachi muntu kutoka. Wewe ungekuwa mwanaume, unajua bibi yako ana tumbo la mwezi wa nane, ungekwenda Pangi? Nijibu.

Hapa hakuna anayetwanga tena. Ukitwanga, sauti inaita. Mama Sumaili alitwanga sombe, majani ya muhogo, mchana. Haijatokota hata kidogo, vijana wa bunduki wamekwisha kukaa kwenye mukeka wake, wanauliza sahani. Walikula, wakabeba na sufuria. Tangu pale mutaa muzima umenyamaza. Majani tunakata na kisu, yanakuwa kama kamba, tunameza hivyo hivyo. Kinu changu nimekilaza kifudifudi mu kona.

Siku ya kuzaa mvua haikuacha, baridi iliingia mpaka mu mifupa. Nilifunga mulango na gogo, nikatia mbabula ya makala, kale kajiko ka makaa, chini ya kitanda, kama vile mama alivyotufanyia sisi wote. Moshi ulijitokea wenyewe pale juu ambapo ukuta na paa havishikani. Mutoto alitoka baridi kama samaki. Joto lile njo lilimrudisha.

Nitumie chumvi. Na ukimuona muntu anayekwenda Pangi, umwambie Louis kwamba mutoto wake amezaliwa, na mimi sisahau.

Mudogo wako,
Euphrasie


Kindu, Mikelenge
Alhamisi, 9 Januari 2025

Joëlle,

Umenikatia simu. Mimi! Sawa. Karatasi haina kifungo cha kukata. Nimeandika kwa mukono wangu, darasa la nne linanitosha, na nitampelekea Ali pale kwenye kibanda chake cha simu apige picha kurasa zote akutumie. Na utasoma mpaka mwisho, kwa sababu mimi njo mama yako.

Ali amenionyesha habari mu simu yake. Dhoruba ya theluji inakuja kwenu Rimouski Jumamosi. Theluji ya kufika madirishani, upepo wa kuangusha nguzo za umeme, watu wote wabaki ndani. Nakuuliza umejipanga namna gani, wewe na tumbo lako hilo ambalo ulinificha mpaka likawa kubwa kuliko mlango, unanicheka: "Mama, hapa ni kawaida." Kawaida! Vita vilipokuja Kindu hakuna aliyetuonya. Tulikuwa tunaanika nguo. Ninyi munaambiwa siku, munaambiwa saa, munaambiwa mpaka unene wa theluji yenyewe, na bado unakaa unakula biskuti unaniambia kawaida.

Halafu nakuuliza bwana yako atakuwa wapi siku hiyo. "Kazini." Kazi gani? Si wewe uliyeniambia anafanya kazi mu biro, anakaa mbele ya kompyuta na tai shingoni? Mimi nimetembea Mikelenge yote nikisema mukwe wangu ni muntu wa biro. Biro gani inafunguliwa Jumamosi, siku ambayo serikali inasema hata mbwa asitoke? Nikakuuliza hilo, ukakata simu. Basi nimeelewa. Yannick wako ni jogoo wa jirani: anakula kwako, anawika kwingine. Huyo mwanamuke anaitwa nani? Usinifiche, mimi jogoo wa namna hiyo nilimfuga mu nyumba yangu.

Sasa shika haya. Wewe unajua vitabu, mimi ninajua kufungiwa.

Maji kwanza. Jaza kila kitu chenye tumbo: ndoo, sufuria, ile beseni kubwa ya kuogea. Usiniambie maji yenu yanatoka mu ukuta. Na yetu yalikuwa yanatoka mu bomba, mpaka asubuhi yalipoacha. Unga usiuweke pamoja, gawa fasi mbalimbali, muntu akiingia aone kidogo tu. Nguo za mutoto zifunge mu kitambaa kimoja ulale nacho kichwani, ili ukikimbia mukono mumoja utoshe. Viatu usivivue.

Usitwange. Kile kinu changu nilichokutumia kwa mikono ya Princesse alipokuja huko, kilaze kifudifudi. Najua unapenda sombe. Najua pia yule bibi muzungu wa chini anakugongea dari na ufagio kila ukitwanga, ulinieleza mwenyewe ukicheka. Lakini siku za kufungiwa sauti ya kinu inaita watu, na wewe utakuwa peke yako na tumbo. Kata na kisu, meza, nyamaza.

Umeme ukikatika, usingoje baridi ikushike. Chukua makala, ule mfuko mulionunua wakati wa joto mukachoma nyama kwenye baraza, niliuona mu picha. Washa nje, yakiwa mekundu tia mu sufuria ya chuma, ingiza chumbani, sukuma chini ya kitanda. Funga madirisha yote. Ziba hata chini ya mulango na nguo, joto lisitoroke. Hivyo njo ulivyozaliwa wewe, na uko muzima, unanikatia simu.

Ninakasirika kwa sababu siwezi kuja. Kama kungekuwa njia ya miguu ningekuwa nimekwisha kufika.

Mama yako,
Euphrasie


Rimouski
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mama,

Nimepata. Ali ametuma kurasa zote, hata vidole vyake vinaonekana pembeni.

Jogoo? Umekaa Kindu, hujawahi kula na Yannick sahani moja, unamwita jogoo? Mbele ya Ali, anayesoma kila kitu anachopiga picha na kesho atakipeleka sokoni? Asante, Mama. Asante sana.

Yannick si Baba. Baba njo alikwenda Pangi akarudi mimi ninatembea, ninamkimbia nikidhani ni mwizi. Tangu siku ile kila mwanaume unampima na mguu wa Baba. Kaka Gédéon alipochelewa saa moja tu kurudi kwa bibi yake, ulimtukana mwezi muzima. Mimi nimechoka. Yannick akisema kazini, ni kazini. Kuna mambo sijakueleza, na sababu ya kutokukueleza ni hii hii: ukisikia nusu, unamaliza mwenyewe.

Na hii theluji ni yangu, si yako. Usiniletee vita vyako humu. Nilivisikia tangu niko mugongoni mwako. Mpaka leo mutu akipiga mulango kwa nguvu moyo wangu unakwenda chini ya kitanda. Sitaki mutoto wangu arithi hilo.

Nitafanya yote uliyoandika. Yote, kama ulivyoandika. Umefurahi? Basi usiniandikie tena mpaka dhoruba ipite. Ninazima simu ili nisimalize betri.

Joëlle


Kindu
Jumamosi, 11 Januari 2025, asubuhi

Joëlle, USIWASHE MAKALA.

Soma hii kwanza, matusi yako nitayajibu kesho. Usiwashe makala. Kama umewasha, toa nje. Kama huwezi kutoa, toka wewe. Fungua dirisha, vunja kioo, mwenye nyumba akasirike, nitamlipa na mbuzi.

Nilikuwa kwenye maombi asubuhi hii, nikamuambia Donatien katekista kwamba umekubali kufanya kama nilivyokuonyesha, makala chini ya kitanda na mulango kuzibwa. Nilikuwa ninajivuna, mwanangu. Muntu huyu akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya kanisa. Mutoto wa dada yake alikuwa Ubelgiji, yeye na bibi yake. Baridi iliwashika, wakaingiza makala chumbani, wakafunga. Walilala vizuri. Hawakuamka. Anasema makala yanatoa sumu isiyo na harufu, haikufanyi ukohoe, inakupa usingizi tu. Kwetu inatoka kwenye matundu ya paa. Nyumba zenu hazina matundu.

Ni nyumba gani hiyo isiyopumua? Nani alijenga nyumba isiyo na hata tundu la panya kupita, akaita hayo maendeleo? Na Donatien, kwa nini alinyamaza na jambo kama hili? Nilimtukana mbele ya wanakwaya. Anasema hakuna aliyemuuliza. Watu wa Mungu!

Ulisema utafanya yote. Wewe ambaye hujanitii tangu meno ya kwanza, leo njo ulichagua kutii?

Ali ametuma. Iko na alama moja tu, ya pili haiji. Anasema simu yako imezimwa. Nimekaa hapa kwenye kibanda, sitoki. Nani atanisogeza.

Mama


Kindu
Jumatatu, 13 Januari 2025

Joëlle,

Alama ni moja.

Tangu Jumamosi ninakuja Ali akifungua na ninaondoka akifunga. Watu wanakuja kuchaji simu, wananiona, wanashusha sauti kama iko matanga. Nimewafukuza. Nimewaambia waende kushushia sauti mama zao.

Ninafikiri juu ya mambo mabaya. Ninafikiri, Louis aliniacha na makala, nikapona. Mimi nimemwachia mutoto wangu makala hayo hayo. Baba yako iko hapa pembeni, amezeeka, ananishika bega. Nimemwambia atoe mukono. Nimemwambia, "Pangi!" Neno moja tu. Amekwenda kukaa upande mwingine wa barabara, lakini harudi nyumbani, na yeye anatazama simu ya Ali kutoka kule.

Nitukane, Joëlle. Niite mama mubaya, niite mushamba, mbele ya Ali na soko lote. Lakini andika.

Mama


Rimouski, hospitalini
Jumatano, 15 Januari 2025

Mama,

Niko muzima. Mutoto yuko muzima, mwanamuke, anapiga kelele mpaka wauguzi wanacheka. Amezaliwa Jumapili asubuhi. Sasa vuta pumzi, ukae, umwambie Ali akusomee pole pole kama macho yako yamejaa.

Umeme ulikatika Jumamosi mchana. Upepo ulikuwa unalia kama mutu anayekokota mabati barabarani. Niliwasha simu, mtandao haupo, mnara ulikuwa umeanguka na nguzo zake. Uchungu ukaanza. Nyumba yetu iko juu, na ngazi ya kushukia iko nje ya nyumba, ndivyo wanavyojenga huku. Nilifungua mulango: ngazi haipo. Theluji tu, nyeupe kutoka kizingiti mpaka chini, na barafu juu yake. Nikaita. Upepo ulikula sauti yangu.

Chini kuna Madame Gisèle, yule wa ufagio. Nikachukua kinu chako, nikakiweka katikati ya sakafu, juu kabisa ya kichwa chake. Kinu kitupu, Mama. Nikatwanga. Akagonga dari. Nikatwanga zaidi. Akagonga, akatukana, nilisikia kupitia mbao. Uchungu ukija ninakaa, ukienda ninatwanga. Tulipigana namna hiyo, mimi juu yeye chini, mpaka nikasikia kitu kinachimba kwenye ngazi. Alipanda, bibi wa miaka sabini, na beleshi la theluji mukononi na matusi mudomoni. Akafungua mulango ili anilaani uso kwa uso. Akaniona nimepiga magoti nimekumbatia kinu. Alisahau neno alilotaka kusema. Mpaka leo hajalikumbuka.

Alinishusha kwa matako, ngazi moja moja, yeye mbele anachimba. Kwake kuna jiko la kuni lenye bomba linalopeleka moshi nje, na simu ya zamani ya waya ambayo haijali umeme. Akapiga. Ambulansi ikasema barabara haipitiki mpaka mashini ya theluji ipite kwanza.

Mashini ya theluji, Mama, ni Yannick. Njo kazi yake. Siku watu wote wanaingia ndani, yeye njo anatoka kusukuma theluji barabarani. Hakuna biro. Hakuna tai. Nilisema biro siku moja tu kwa sababu uliuliza na watu walikuwa wamekuzunguka, nikasikia unavyofurahi, na kesho yake Mikelenge yote ilikuwa inajua. Nikashindwa kurudi nyuma. Kwa redio walimwambia ni mutaa gani. Alikuja na lile lidude lake, taa zinazunguka, ambulansi nyuma yake kama kifaranga. Alikuwa analia na kunikemea kwa nini nimezima simu.

Kuna lingine. Barua zako za Jumamosi na Jumatatu nimezisoma jana tu, hapa kitandani. Sikuelewa ni makala gani. Nikarudi kwenye ile ya Alhamisi.

Sikuwa nimeisoma, Mama. Nilifika kwenye jogoo, nikaitupa simu kwenye kochi. Niliposema nitafanya yote, nilitaka tu unyamaze.

Mfuko wa makala ulikuwa karibu na mulango. Sufuria ya chuma ilikuwa jikoni. Nilikuwa ninatetemeka mpaka meno. Wewe unadhani sikutii. Nikikasirika, ndiyo, ninakupinga. Nikiogopa, ninafanya vile ulivyosema, sijui njia nyingine. Kama ningejua maneno yako, ningewasha, ningeziba mulango, na kinu kingelala kifudifudi mu kona.

Bado nimekukasirikia juu ya jogoo. Lakini sijui tena nikukasirikie namna gani.

Jina bado. Yannick anasema tukuulize. Mimi nilikataa, yeye njo anasema.

Joëlle


Kindu, Mikelenge
Ijumaa, 17 Januari 2025

Joëlle, mutoto mubaya, mwongo, mwenye shingo ya chuma,

Mama yako anakaa juu ya kiti cha mbao cha Ali mpaka makalio yanakufa, anafukuza watu wazima, anamtukana katekista, anamtupia baba yako Pangi mbele ya watu, kumbe wewe barua yangu umeitupa kwenye kochi? Nilitumia kurasa tano! Kalamu mbili! Hata padri akihubiri vibaya watu wanangoja amina.

Na biro. Sasa nitasema nini? Nimekwisha kusema. Ile picha ya mashini uliyotuma, Ali ameikuza, nimeizungusha mutaa wote. Nimewaambia biro ilikuwa uongo, mukwe wangu anaendesha kitu kikubwa kuliko nyumba ya chifu, na siku ambayo Wazungu wanajificha yeye njo anatoka. Hakuna aliyeuliza tai iko wapi. Mwambie Yannick neno la jogoo nimelirudisha mudomoni, nimelimeza, lina mifupa. Mwambie nimemuita mwanangu. Kisha umwambie siku nyingine bibi yake akiwa na tumbo, aombe ruhusa, theluji itamngoja!

Kinu nimeazima cha Mama Sumaili, maana changu unacho. Juzi, Ali aliponisomea, nilitoka kibandani moja kwa moja nikakiweka mbele ya nyumba na majani ya kutosha, nikatwanga kwa nguvu zote ili iite. Iliita. Walikuja wote, hata wale niliowafukuza. Donatien alikula sahani mbili, na simsamehe. Baba yako alishika muchi akanipokea nilipochoka. Nilimwachia, nikakaa pembeni yake.

Yule bibi wa ufagio, mupikie sombe. Atwange yeye mwenyewe.

Jina msilete kwangu. Mimi maneno yangu umeona yanavyokuwa. Mwambie Yannick achague, na ukikataa, nitajua ni zuri.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika namna ya kumuosha mutoto na maji ya moto, na majani gani, na namna ya kumfunga tumbo. Niliandika kule kwanza. Halafu nikageuza, nikaweka matusi huku mbele, ili utupe mbele ya kufika kule. Kama umefika hapa na bado hujakasirika, rudi juu, usome tena, mpaka utupe.

Mama yako,
Euphrasie